Malalamiko Kuhusu Miaka Hewa Katika Viti Vyetu Vinne

Kewanauk, Wisconsin
Tarehe 3 Desemba

Kwa Bwana Haldane,
Msimamizi wa Mikataba ya Wachezaji,
Klabu ya Futiboli ya Marekani ya Wakata Magogo

Ndugu Msimamizi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba umeanza kula tena baada ya kipigo cha Jumapili. Mimi ni Marlys Vandehey, wa ukoo wa Wautlet kabla sijaolewa, mstaafu wa posta. Sijawahi kuilalamikia klabu hata mara moja, ukiacha ile ya kubadilisha haradali ya soseji, na nadhani kwa sasa hata ninyi mnakubali kwamba nilikuwa na haki. Leo nalalamikia kazi yako wewe mwenyewe. Si kwamba unaifanya vibaya. Unaifanya vizuri mno, na kaka yangu Duane anakusikiliza.

Kila Jumanne asubuhi unakaa redioni ukieleza namna klabu inavyoishi chini ya kikomo cha mishahara. Ligi imeziwekea klabu zote dari moja, nawe una wachezaji wanaolipita hilo dari kwa vichwa. Basi unampa mtu donge nono la kusaini leo, anaondoka nalo lote, lakini kwenye hesabu unalikata vipande vitano vya miaka mitano ili mwaka huu kionekane kimoja tu. Mkataba ukiwa mfupi, unauongezea mwishoni miaka hewa, yaani miaka ambayo mchezaji yumo kwenye karatasi na uwanjani hayupo. Ni halali, na kwa klabu sina neno. Tatizo ni kwamba Duane, aliyeuza matrekta kwa miaka thelathini na moja na sasa hana wa kumuuzia, ameyaleta hayo nyumbani kwetu.

Tuna viti vinne vya msimu, safu ya ishirini na mbili, upande unaopata jua. Marehemu baba alivinunua mwaka 1961, miezi michache baada ya kumwoa mama. Unajua jinsi orodha ya wanaosubiri viti ilivyo ndefu hapa kwetu. Watu wanaandikisha watoto kabla ya kuwabatiza. Viti vinne kwa mechi nane za nyumbani ni nafasi thelathini na mbili kwa msimu, na ukoo wetu una watu kumi na wanne wanaozitaka. Zamani baba aligawa kwa kuangalia nani alisaidia kukoroga supu ya kuku ya kanisa na nani alijificha. Hakuna aliyelalamika, au walilalamika kwenye magari yao. Baba alipofariki Duane alishika daftari, na tangu mwaka juzi ameandika juu yake KIKOMO kwa herufi kubwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Shemeji yetu Rollie, mume wa mdogo wangu, ndiye mwenye jiko la kuchomea soseji kwenye maegesho kabla ya mechi. Mwaka juzi alitangaza kwamba yuko huru na anasikiliza ofa. Ukoo wa Pavlik, wanaokaa safu ya nyuma yetu, walikuwa wameanza kumletea jibini. Mtu mwenye akili angempigia simu mkewe, yakaisha. Duane alimpa mkataba wa miaka mitano wenye donge la kusaini la mechi sita za papo hapo, zote tamu. Nafasi sita za ziada alizitoa wapi? Alizikopa kwa haohao akina Pavlik, akawaahidi viti vyetu vya msimu wa 2030. Rollie alikaa mechi zote, akala kama hana kesho. Kwenye daftari imeandikwa kwamba alikaa mechi moja na kidogo.

2. Mpwa wangu Colton alipewa donge kama hilo, likasambazwa mpaka 2029, ingawa kila mtu alijua kijana anahamia Arizona. Sasa yuko huko anaota jua, na bado anakula nafasi zetu mbili kila msimu. Nilipouliza inakuwaje mtu asiyekuwepo akae, Duane alinijibu kwa upole, kama anayezungumza na mteja aliyerudisha trekta, kwamba huo unaitwa mzigo mfu na kila klabu kubwa inao. Nikamwambia sisi si klabu kubwa, sisi ni akina Wautlet. Akaandika kitu daftarini.

3. Mimi mwenyewe nilifanyiwa marekebisho ya mkataba. Alikuja asubuhi na keki ya lozi kutoka duka lile zuri la Racine, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Akaniomba nizisogeze mbele mechi zangu tatu za Oktoba kwa ajili ya ukoo. Nilikubali mdomo ukiwa umejaa. Mechi hizo zimeangukia mwaka 2034. Nitakuwa na miaka sabini na mmoja, na nyonga yangu ya kushoto imeshaanza kutoa matangazo.

4. Nimefanya hesabu ya msimu wa 2030. Katika nafasi thelathini na mbili, kumi na tisa zimekwisha kuliwa. Duane anasema hilo halimsumbui kwa sababu kikomo huwa kinapanda kila mwaka. Kikomo chako kinapanda, Bwana Haldane, kwa kuwa televisheni inawalipa. Benchi letu ni la bati na limefungwa kwa bolti. Halijapanda tangu 1961. Mwezi wa kumi na moja, tulipocheza na wale wa Chicago, watu sita walifika langoni na mikataba yao, kila mmoja na sahihi ya Duane, na tiketi zilikuwa nne.

5. Waliobaki nje siku hiyo ni mimi na mama. Hapa naomba unisome taratibu, maana hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mama yetu, Adeline Wautlet, ana miaka themanini na saba. Amekalia kiti cha nne tangu siku ya kwanza. Alikikalia Duane akiwa tumboni mwake, na alikikalia Jumapili iliyofuata mazishi ya baba, akaweka kofia yake kwenye kiti cha tatu na hakuna aliyethubutu kuisogeza. Siku ya Chicago alisikiliza mechi redioni ndani ya gari langu, na chupa ya supu mapajani. Hakulalamika. Mimi nililia kipindi chote cha pili, nikasingizia kitunguu cha soseji.

Sasa Duane amegundua kwamba mama ndiye mwenye namba kubwa kuliko wote kwenye daftari, mechi nane kila msimu, na kwamba akipunguzwa ukoo unapata nafasi ya kupumua. Amempangua kwenye mechi ya mwisho ya msimu, tarehe 21 mwezi huu, dhidi ya Minnesota, mechi ambayo mama hajaikosa hata mwaka ule baridi ilipogandisha filimbi mdomoni mwa mwamuzi. Kiti amepewa Rollie. Nilimfuata Duane gereji nikamuuliza kama ana haya. Aliweka kalamu chini.

"Marlys, hakuna anayemfukuza mama," alisema. "Tunampumzisha kwa heshima. Hata wakubwa wanapumzishwa."

Maneno hayo, Bwana Haldane, ni yako. Uliyasema Jumanne ya Machi, ulipomwacha yule mlinzi wetu wa kushoto.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

Kwanza, umwandikie Duane kwenye karatasi yenye nembo ya klabu, umweleze kwamba miaka hewa haifai kutumika na familia, wala na mtu yeyote asiye na mwanasheria. Pili, redioni uzungumzie mambo mengine, kwa mfano uvuvi. Tatu, ukishindwa hayo mawili, umwajiri. Anaamka mapema, ana kiti chake cha ofisi, na wiki moja akiwa chini yako ligi nzima itapiga marufuku hesabu hizi kwa hofu. Nne, na hili ndilo kubwa, klabu iamuru kwamba tarehe 21 kiti cha nne ni cha Adeline Wautlet. Isipofanya hivyo, nitamleta mama ofisini kwako pamoja na kiti chake cha kukunja. Nimeambiwa dirisha lako linatazama uwanja. Hatutakusumbua. Supu tutakuja nayo.

Nisalimie mkeo, na yule mpiga mateke anayekosa kila upepo ukivuma, mwambie tunamwombea, na yule mama anayeuza chokoleti ya moto pale lango la saba, yeye ndiye mchezaji wenu pekee asiyelipwa anachostahili.

Wako katika kushinda na, zaidi, katika kushindwa,

Marlys Vandehey

N.B. Kabla sijaipeleka posta nilipita kwa mama nimsomee. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akainuka, akafungua kopo la biskuti, akanipa karatasi yenye sahihi mbili, yake na ya Duane.

Kumbe walikaa mezani wiki tatu zilizopita, na mama hakuwa na wakala. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa mechi ya tarehe 21, na nyingine zote za Desemba. Anasema baridi ya Desemba imeshamtosha, na aliyemtaka Rollie agande ni yeye. Badala yake amepewa mechi zote za Septemba, viti viwili, mpaka msimu wa 2037, kwa dhamana kamili: haondolewi kwa umri, kwa ugonjwa, wala kwa sababu nyingine yoyote. Duane alisaini akitabasamu. Alipiga hesabu kwamba mwaka huo mama atakuwa na miaka tisini na tisa, akaona ametoa karatasi tupu na kupata Desemba nzima bure.

"Kaka yako anahesabu miaka hewa," mama aliniambia. "Mimi nahesabu Septemba."

Nikamuuliza kiti cha pili ni cha nani. Akaniambia nisome mstari wa chini, na nilipousoma nilikuta jina langu.

Kwa hiyo, Bwana Haldane, nakuomba usimwandikie Duane neno lolote. Endelea na redio. Na endapo wakubwa wa ligi watakaa kujadili kuifuta miaka hewa, tafadhali wazungushe mpaka 2037, maana mama anakusudia kuicheza yote.