Ombi la Kuchelewesha Furaha ya Jirani kwa Sekunde Arobaini na Tano

Edouard Chola
Nyuma ya soko, nyumba yenye geti la kijani
Ruashi, Lubumbashi

Ijumaa, siku mbili kabla ya mechi

Kwa Mheshimiwa Shefu wa Kartier, mkuu wa mtaa wetu

Kuhusu: magoli yanayofika nyumbani kwangu kwa njia ya ukuta kabla hayajafika kwa njia ya televisheni

Nakala kwa taarifa: Padri wa parokia yetu; na Ndugu Osée, jirani yangu na mtuhumiwa

Mheshimiwa,

Ninakuandikia nikiwa na afya njema na hasira ya wastani. Unanifahamu. Mimi ndiye yule mzee aliyefanya kazi miaka ishirini na saba kwenye stesheni ya treni, nikiandika kwenye daftari saa ambayo treni ilipaswa kufika na saa iliyofika kweli. Kwa hiyo, katika mambo ya kuchelewa, ninaomba nisikilizwe kama mtaalamu.

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa na dishi la parabole juu ya paa na dekoda chini ya televisheni. Kila Jumapili Osée, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alipita getini bila kubisha hodi, akakaa upande wa kushoto wa kiti changu kirefu, mimi nikakaa upande wa kulia. Tulitazama mpira. Hatukuwa tunaongea sana, lakini goli lilipoingia tulipiga kelele mpaka mbwa wa soko wakajibu.

Mwezi wa tatu binti yangu Keren, anayesoma chuo kikuu, akatangaza kwamba dekoda ni ya watu wa zamani. Alisema intaneti ni bei nafuu, picha ni zilezile, na kila mtu anatazama anachotaka saa anayotaka. Mke wangu Agnès akamuunga mkono. Tulipiga kura, nikashindwa mbili kwa moja. Mama mkwe wangu, Mama Victorine, anayeishi nasi, hakupiga kura kwa sababu alikuwa anachambua mboga za lengalenga. Parabole ikashushwa, na Agnès akampa Kapinga, mke wa Osée, bila kuniuliza, kama mtu anavyotoa sufuria isiyo na mfuniko.

Jumapili ya kwanza ya intaneti Osée alikuja kama kawaida. Dakika ya kumi picha ikasimama, na kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya uwanja. Tulikitazama kile kiduara, Mheshimiwa, wanaume wawili wazima. Kisha Osée akainuka akasema kwa adabu: "Kaka, niende nitazame kama nilizimisha poste ya kusudeya." Mashine yake ya kuchomelea ilikuwa imelala tangu Ijumaa, ninajua, maana kila inapowaka taa zangu hufifia. Hakurudi. Wiki iliyofuata parabole yangu ilikuwa juu ya paa lake, ikitazama upande uleule iliokuwa ikitazama juu ya langu.

Hayo si malalamiko, ninakueleza tu hali ya mahali. Malalamiko yangu ni haya:

1. Goli la intaneti linachelewa. Nimelipima kwa saa yangu ya stesheni, ambayo haijawahi kunidanganya. Jumapili ya pili lilichelewa sekunde arobaini na moja, ya tatu arobaini na tano, na siku Keren alipokuwa anashusha masomo yake kwenye kompyuta, lilichelewa dakika nzima na sekunde sita. Mimi nimeandika treni zilizochelewa siku mbili na sikulia. Lakini treni ikichelewa, inachelewa kwa wote. Hakuna jirani anayeshuka nayo kwanza upande wa pili wa ukuta.

2. Osée anajua. Nyumba yake siku hizi inajaa watu, na goli likiingia wanapiga kelele wote, halafu yeye peke yake anasogea ukutani na kuniambia kwa sauti ya huruma: "Kaka Edouard, musikate tamaa, ile but iko mu njia, inakuya!" Huruma hiyo ndiyo inayoniuma. Angenitukana ningelala vizuri.

3. Hata wakinyamaza wananiharibia. Wiki tatu zilizopita timu yetu ilipewa penalti. Kwangu mchezaji alikuwa bado anaweka mpira chini, anaufuta kwa jezi, anafanya ishara ya msalaba, nami nimeshika mkono wa kiti. Nikasikiliza upande wa Osée: kimya. Kisha mtu mmoja akasema "Aa, bwana." Nilimtazama yule kijana akirudi nyuma, akikimbia na imani yake yote, na mimi nilikuwa tayari nimemsamehe.

4. Lililo zito zaidi ni la Mama Victorine. Yeye hukaa dirishani, upande wa ukuta, na masikio yake ni ya msichana. Jumapili moja, bila kuinua kichwa kwenye lengalenga lake, alisema: "But." Tukatazama televisheni. Hakukuwa na goli lolote, kipa alikuwa anafunga kamba za kiatu. Sekunde arobaini na tano baadaye goli likaingia. Siku hiyo alikuwepo mama mmoja wa kikundi cha maombi aliyekuja kumsalimu. Tangu dakika ile mama huyo hakutazama tena televisheni, alimtazama Mama Victorine.

Jumapili iliyofuata walikuja saba. Wanakaa wakiipa televisheni mgongo na kumwangalia yeye. Anatabiri kona, anatabiri kadi, anatabiri mchezaji gani atatolewa. Kisha wakaanza kumwuliza mambo yao. Mmoja aliuliza kama mwanawe atapata kazi kwenye mgodi, mwingine akauliza habari za pasipoti. Mama Victorine, ambaye hajawahi kusema uongo, aliwarudishia maneno anayoyasikia kila wiki kwa Osée: "Iko mu njia, inakuya." Kijana alipata kazi Jumanne. Pasipoti bado, lakini hakuna mwenye wasiwasi.

Utaniuliza, Mheshimiwa, kwa nini nisimwombe tu anyamaze. Wewe ni mtu mwenye wakwe. Siwezi kukaa karibu naye, siwezi kula mbele yake, na nimwambie mama aliyenizalia mke afunge mdomo? Hata neno "tafadhali" napaswa kulipitisha kwa Agnès, na Agnès wakati wa mpira huwa hatumwi. Wale kina mama nao siwezi kuwaeleza ukweli, maana ni sawa na kusimama nyumbani kwangu kumwita mama mkwe wangu nabii wa uongo. Jumapili iliyopita alifika mwanamke kutoka Kasomeno na kuku hai. Alimfunga kwenye mguu wa kiti changu, upande wa kushoto, mahali pa Osée. Nilitazama kipindi chote cha pili pamoja na kuku.

5. Kwa haki, nakiri kwamba upande wetu nao una kosa dogo. Agnès na Kapinga walikuwa wakifuata tamthilia moja na kuijadili kila asubuhi wakianika nguo. Kwa intaneti Agnès sasa yuko sehemu arobaini mbele. Siku moja, akiwa na pini za nguo mdomoni, alimpa Kapinga pole kwa kifo cha daktari wa tamthilia hiyo. Kwa Kapinga yule daktari alikuwa ndiyo kwanza amechumbia. Hawakusalimiana wiki nzima. Sioni uhusiano wa jambo hili na malalamiko yangu, ila nimeliandika ili usilisikie kwa mwingine.

6. Kiti. Nikikaa upande wangu peke yangu, ule mwingine unainuka. Hili si la maana sana.

Kutokana na hayo, ninaomba ofisi yako iamue yafuatayo.

Kwanza, Osée na wageni wake wazuie furaha yao kwa sekunde arobaini na tano baada ya kila goli. Si jambo la ajabu. Ndege zinazokuja uwanja wa Luano huambiwa zizunguke kwanza angani, na abiria hawafi. Kanisani "Amina" humngoja padri amalize. Na Jamhuri yetu yenyewe ina saa mbili: hapa ikiwa saa tisa, Kinshasa ni saa nane, na sijasikia mtu wa Kinshasa akilia kwamba tumemharibia mchana. Kama nchi inaweza kubeba dakika sitini kati ya miji yake miwili, kartier yako itashindwa kubeba sekunde arobaini na tano kati ya nyumba mbili?

Pili, kwa kuwa kimya chao nacho kinasema, waamriwe kupiga kelele za bure mara mbili katika kila kipindi, pasipo goli, ili masikio ya nyumba yangu yasijue lipi ni lipi. Dakika za kelele hizo zichaguliwe na ofisi yako na zifungwe kwenye bahasha. Ninapendekeza Padri aitunze.

Tatu, redio zipigwe marufuku Jumapili alasiri, kwa sababu redio ina haraka kuliko hata parabole. Hii ni pamoja na redio ya muuza nyama choma wa pembeni na za pikipiki zinazopita. Wenye pikipiki wakikataa, basi barabara ifungwe.

Nne, ikiwa yote hayo ni magumu, uwaandikie wenye mashindano waanzishe mechi sekunde arobaini na tano kabla ya wakati wake kwa ajili ya nyumba za intaneti. Keren ananiambia haitasaidia kitu. Lakini Keren ndiye aliyeleta intaneti.

Usije ukaniambia nirudishe dekoda. Kura ilipigwa, na mimi ni mtu wa sheria. Vilevile usiniambie niende kutazama kwa Osée. Mtu aliyekuwa na parabole hawezi kubisha hodi kwenye nyumba iliyo chini ya parabole yake mwenyewe. Na hajaniita.

Nikitumaini kwamba jibu lako halitapitia kwenye intaneti, nakutakia kazi njema. Msalimie Mama wa nyumbani, watoto wote, na katibu wako aliyenisaidia na karatasi ya kitambulisho. Wasalimie wazee wa baraza. Na ukipita kwa Osée kabla yangu, mwulize mgongo wake unaendeleaje, maana mvua zilipoanza ulikuwa unamsumbua, na mimi kwa sasa sina njia ya kumwuliza.

Wako katika utaratibu,

Edouard Chola
Mwandishi wa saa za treni, mstaafu

P.S. Jumapili, baada ya mechi.

Mheshimiwa, nilikuwa nikuletee barua hii kesho asubuhi. Lakini nakala ya Osée niliipitisha chini ya geti lake jana, kwa kuwa mtuhumiwa ana haki ya kujua. Sikutegemea kwamba angetii.

Leo mechi ilianza na upande wa pili wa ukuta hapakusikika hata kikohozi. Mama Victorine alikaa dirishani na lengalenga mapajani, asitabiri hata kona. Kina mama wa maombi walingoja mpaka mapumziko, wakaaga kwa heshima, na yule wa Kasomeno akamfungua kuku wake akaenda naye. Nilibaki na televisheni, jinsi nilivyoomba.

Dakika ya sabini na tatu tukafunga. Niliona pasi, nikaona shuti, nikaona wavu, vyote vipya, hakuna aliyekuwa amevigusa kabla yangu. Niliruka. Agnès alikuwa jikoni na Keren alikuwa ameziba masikio kwa vile vidude vyake. Nilipiga kelele, kisha nikaisikia kelele yenyewe, ya mtu mmoja, nikaketi. Kiti kikainuka upande wa kushoto. Nimetazama mpira tangu nikiwa mtoto na sijapata kuona goli baya kama lile.

Ndipo nikasikia sauti ukutani, ya chini, kama ya mtu aliye kwenye chumba cha mgonjwa: "Kaka Edouard. Ile but ilishafika kwenu? Tunaweza kupiga makelele sasa?"

Walikuwa wamengoja, Mheshimiwa. Nyumba nzima, watu labda ishirini, wamebana midomo, na yeye akinihesabia sekunde zangu. Aliyejibu ni mama mkwe wangu, kupitia dirishani, bila kuinua kichwa: "Ilifika. Mukuye mubebe kile kiti."

Walikuja wanne. Kelele waliyopiga wakikipitisha getini kukipeleka kwa Osée ilikuwa ya goli ambalo wakati huo lilikuwa na umri wa dakika sita, na haikupungua kitu. Mgongo wa Osée umepona kiasi, lakini sikumruhusu abebe. Kapinga na Agnès wako uani wanaongea, na Agnès ameapa kutotaja tamthilia. Mama Victorine amekaa kwenye dirisha la huku, mbali nami kama inavyopasa, akilalamika kwamba hapa hasikii chochote mapema.

Kwa hiyo ninaomba barua hii isifunguliwe jalada, na kama umeshaanza kuandika amri kabla ya kuisoma P.S. hii, basi iandike upya: Osée apige kelele papo hapo, kwa nguvu zake zote, bila kumngoja mtu. Anwani iliyo juu ni yangu kwa siku sita. Jumapili nitafutwe kwa Osée, upande wa kulia wa kiti.