Chaji ya Kumngojea Mjukuu

Jumatatu, 3 Juni 2013

Naiomba radhi shajara hii. Sijaandika neno tangu maharage yalipopandwa. Sababu ipo: mimi huandika baada ya chakula cha jioni, kwa tochi ya simu, na chaji haikuwa ikitosha kuandika na kuongea. Leo naandika mchana. Mwanga wa jua haupungui ukiutumia.

Jambo lenyewe ni hili. Mkamwana wangu Immakulata yu karibu kujifungua huko Kibondo. Ni mtoto wa kwanza wa mwanangu Nsabimana. Katika ukoo wetu babu mzaa baba ndiye ampaye jina mtoto wa kwanza, kwa kinywa chake mwenyewe, kabla kitovu hakijadondoka. Akishindwa, jina hutolewa na babu mzaa mama.

Babu mzaa mama ni Hatungimana. Anakaa Kibondo mjini, katika nyumba yenye umeme. Simu yake hulala kwenye waya kama mgonjwa wa dripu. Mimi ninakaa hapa Kagerankanda, na umeme wangu uko juu ya paa la duka la Nurudini, kwenye sola yake, jua likipenda.

Nsabimana amesema atapiga wakati wowote. Jina ninalo: Ndihokubwayo, jina la marehemu baba yangu. Kazi iliyobaki ni moja tu. Simu isizime.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa Nurudini kuchukua simu. Bila kuulizwa akaanza kunifundisha. Mwalimu, punguza mwanga wa kioo. Mwalimu, zima mtetemo. Usiingoje ife kabisa ndipo uniletee. Usiiweke bondeni, itautafuta mtandao kutwa nzima na kuchoka. Usiiweke kwenye joto. Nikamkumbusha kwamba nimestaafu nikiwa mwalimu mkuu. Akasema ndiyo maana anaongea polepole.

Hata hivyo ushauri wake nimeuchukua na kuuboresha. Yeye alisema nipunguze mwanga. Mimi nimeupunguza hadi mwisho kabisa. Sasa kioo ni cheusi kama chungu. Nilitaka kumjulia hali Nsabimana, nikampata bwana mifugo. Akauliza ng'ombe ana nini. Sikutaka kuonekana mtu wa kupigapiga simu ovyo. Nikasema anakohoa. Amesema atakuja kumtazama.

Sina ng'ombe.

Alhamisi, 6 Juni

Bwana mifugo amekuja. Amepima mbuzi, kwa kuwa alikuwapo. Mbuzi ni mzima. Maximilla, mke wangu, alilazimika kumpikia mgeni chakula, naye hakusema nami hadi jioni.

Nimefikiri sana juu ya mtandao. Nurudini ana haki katika hilo, ingawa sitamwambia. Nyumba yetu iko bondeni. Simu hutafuta mtandao hadi ikaukamata wa Burundi, kisha hunitumia ujumbe wa kunikaribisha nchi jirani, nami nimekaa kwenye kigoda changu. Safari zote hizo zinakula chaji.

Basi asubuhi niliipeleka simu juu ya kilima, nikaitundika ndani ya mfuko kwenye tawi la mkaratusi. Huko mtandao umejaa. Jioni nimeikuta chaji kama nilivyoiacha. Ushindi! Maximilla amevunja kimya chake na kuniuliza ni nani atakayeipokea simu ikilia juu ya mti. Nimemwambia tatizo kubwa limekwisha, hilo lake ni dogo.

Nilikuta nimepigiwa mara kadhaa. Zote ni za Hatungimana, na mtindo wake naujua, ni wa kubipu: inalia kidogo, inakatwa. Mtu mwenye umeme wa kumwaga anambipu mtu wa sola! Nimeelewa mara moja. Kila mlio unakula chaji yangu. Anataka inizimikie ili jina alitoe yeye.

Ijumaa, 7 Juni

Simu imerudi nyumbani. Mpango mpya: huzimwa, kisha huwashwa kidogo asubuhi, adhuhuri na jioni, kama dawa.

Jioni nilimkuta Maximilla anamulika kwa tochi ya simu chini ya kihenge. Anatafuta kuku. Nikamwambia kwamba pale anateketeza jina la mjukuu wake. Akajibu kwamba kuku naye ana haki ya kupatikana.

Kisha akaleta wazo. Twende Kasulu, tupande basi, tufike Kibondo, tukae na mkamwana, na mtoto akizaliwa nitaje jina nikiwa nimesimama palepale. Simu ya nini? Nimemweleza kwa upole kwamba mtu mzima haendi kuusubiri uzazi kwenye mji wa mkwe wake kama jirani aliyesikia harufu ya nyama. Habari humfuata mwenye heshima nyumbani kwake. Amesema, sawa Baba Nsabimana, ila habari haziwezi kumfuata mtu aliyezima.

Jumapili, 9 Juni

Jana kulikuwa na mawingu. Sola ya Nurudini haikuzaa kitu, na duka lilijaa simu za watu zilizolala kimya kama wafungwa. Yangu imebaki na kijistari kimoja.

Hapo nikakumbuka elimu yangu mwenyewe. Mawe ya redio yakichoka huanikwa juani, na yakitoka huko huimba tena jioni nzima. Nani asiyelijua hilo? Nimesikiliza taarifa za habari miaka mingi kwa mawe yaliyofufuka juu ya bati. Leo jua limetoka. Kabla ya kwenda kanisani niliitoa betri ya simu, nikaianika juu ya bati la jiko.

Ibada ilikuwa ndefu. Niliporudi, betri ilikuwa imevimba kama andazi. Kifuniko cha simu hakifungi. Nilikifunga kwa mpira wa baiskeli nikaenda dukani nikiwa nimeificha simu ndani ya koti.

Nurudini alicheka hadi akavua kofia. Aliniambia jiwe la redio na betri ya simu hazikunyonya ziwa moja, na kwamba neno joto alilitamka mwenyewe mbele yangu siku ya Jumanne. Nikamjibu kwamba hakufafanua kama alikuwa na maana ya jua au moto. Akainyakua ile betri akaizika nyuma ya duka, akisema ni hatari, isije ikapasuka karibu na mtu. Kisha akatafuta katika kopo lake akanipa nyingine, kutoka kwenye simu iliyokufa. Ni ya zamani lakini inashika. Akakataa malipo, akisema mjukuu akizaliwa nimletee habari kwanza yeye.

Ni mtu mwema, ila anaongea sana.

Jumatatu, 10 Juni

Betri ya Nurudini ina vijistari viwili. Nimevitunza tangu alfajiri.

Mchana nilipoiwasha kwa zamu ya adhuhuri, ikaita namba nisiyoijua. Nikaikata. Ikaita tena. Nikaikata. Kuna watu wamezaliwa kuwasumbua wenzao! Ilipoita mara ya tatu nikaona hapa nidhamu inahitajika. Chaji hii si ya kila mpitanjia, ni ya Nsabimana. Nikaizima kabisa.

Jioni sikuiwasha, kwa tahadhari. Vijistari viwili bado vipo. Nalala na furaha ya mtu aliyeshinda majaribu.

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi nimewasha simu nikakuta ujumbe kutoka kwa namba ile ile. "Baba, mtoto amezaliwa, wa kike, wote wazima. Umeme umekatika mji mzima, simu yangu imezima. Hii ni ya muuguzi. Mbona unakata? Tunasubiri jina. Nsabimana."

Nilikaa chini. Maximilla aliunyakua ujumbe, akausoma, akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Mimi nilikuwa nikifikiria kitovu.

Nikapiga. Umeme umerudi, akapokea Nsabimana mwenyewe. Kwanza nikauliza kama jina limetolewa. Hapana. Jana usiku wakunga walitaka kuliandika, Immakulata akamwomba baba yake alitaje. Hatungimana akakataa. Amesema babu wa mtoto huyu hajafa, kilichokufa ni simu yake tu. Tena, alikuwa akinibipu wiki yote kunikumbusha nipeleke simu kwenye chaji.

Huyu Hatungimana ni mjanja kuliko nilivyodhani. Bado sijajua ana lengo gani.

Kisha wakaniwekea mtoto kwenye simu. Akalia. Analia kwa sauti pana, kama mtu mwenye malalamiko ya haki. Kijistari kimoja kikaondoka, sikumkatiza. Maximilla alikuwa ameegemeza sikio lake kwenye kichwa changu, na machozi yake yakaniingia kwenye ukosi wa shati. Nadhani yalikuwa yake.

Nsabimana akasema, haya baba, jina. Nikafungua kinywa. Ndipo nikakumbuka ni wa kike. Ndihokubwayo nilikuwa nimemwandalia mvulana; la msichana sikuwa nimeliwaza hata siku moja, maana muda wote nilikuwa nikishughulikia chaji. Nikamwambia jina la mtu halitamkwi kwa haraka, nitapiga.

Jumatano, 12 Juni

Maximilla ameondoka kwenda Kibondo. Amebeba unga wa ulezi na yule kuku, ambaye hatimaye alipatikana. Nurudini amempeleka hadi stendi ya Kasulu kwa pikipiki yake, na ametuma khanga kwa mzazi.

Kabla hajapanda, Maximilla aliniambia twende wote. Nafasi ipo, kitovu kimeshaanza kunyauka, nitamshika mtoto na kumwita jina sikioni. Nikamuuliza ni nani basi atakayebaki na simu. Akasema simu huingia mfukoni, Baba Nsabimana. Amekaa na mimi miaka yote hii na bado hajui kwamba safari hutikisa betri.

Majina yaliyo mbele yangu ni mawili. Kuna Akimana, jina la marehemu mama yangu. Na kuna Maximilla, ambalo hakuna aliyelipendekeza, ila lilitajwa mara nyingi wakati mzigo ukifungwa. Yote ni mazuri. Nikifumba macho naisikia ile sauti ya jana, na kila jina linaikaa.

Leo Nurudini amenijazia chaji hadi juu. Sijawahi kuiona imejaa namna hii, na sitaki kuipoteza kwa kuwaza. Nimeizima simu, nimeitoa betri, nimeifunga kwenye leso na kuiweka kivulini nyuma ya mtungi wa maji, ipumzike. Nurudini anasema Kibondo wanaweza kunitafuta wakati wowote. Nimemwambia wakinipata sasa hivi wataikuta chaji lakini hawatalikuta jina.

Nitaandika hapa nikishaamua, na siku hiyo hiyo nitaiwasha.