Mkaa wa Karatasi za Mtihani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanzisha kampuni ya kuokoa misitu. Makao makuu: stoo yetu. Utaratibu ni rahisi, na nauandika hapa kwa faida ya vizazi. Karatasi kuukuu unaziloweka, unazichanganya na maranda ya seremala, unabana, unaanika. Unapata mkaa bila kugusa mti. Karatasi ninazo: mitihani ya sayansi ya miaka thelathini ya ualimu wangu. Mke wangu anaitaka stoo kwa ajili ya cherehani yake. Tumeafikiana: nikipata mteja mmoja kabla ya Jumapili, stoo ni kiwanda. Nisipopata, ni ya cherehani. Mteja mmoja tu. Nilimwonea huruma.

Jumanne, 4 Machi

Uzalishaji umechelewa. Kabla ya kuloweka karatasi ya kwanza niliitupia jicho, nikaona niliisahihisha vibaya. Dhamiri ikanisuta. Nimesahihisha upya hamsini na mbili, nimeloweka sita. Mke wangu alichungulia mlangoni akauliza kiwanda kinaendeleaje. Nikamjibu kwamba wastani wa darasa umepanda.

Jumatano, 5 Machi

Nimeloweka rundo zima, nikabana vipande arobaini kwa jeki ya gari. Vigumu kama tofali. Jirani yetu muuza mkaa, niliyemfundisha zamani akiwa bingwa wa kusinzia dawati la nyuma, aliegemea ua akauliza kama mwalimu anajenga. Nikamweleza hasara za kukata miti kwa dakika arobaini, yaani kipindi kimoja kamili. Wateja wake wawili walisikiliza kwa heshima, wakaniaga, wakanunua kwake. Nilimpa pia habari njema: mtihani wake nimeusahihisha upya, ameongeza alama mbili. Akasema asante mwalimu, atawaambia wajukuu.

Ijumaa, 7 Machi

Vipande vimekauka. Mpishi wa shule ya bweni amekubali kuja kesho kuvijaribu. Vikiwaka, atachukua magunia kila wiki. Nimemshauri mke wangu aitafutie cherehani kona ya sebuleni. Amesema atangoja aone moto.

Jumamosi, 8 Machi

Mpishi alifika saa nne. Nilikwisha kutundika ubao uani. Mtu asiwashe kitu asichokielewa, kwa hiyo nilianza na somo: moto huhitaji vitu vitatu, navyo ni kitu cha kuungua, joto na hewa. Nikamrudisha mara mbili aliposahau cha pili. Saa tano na robo nikawasha jiko.

Moshi. Moshi tu, mzito, wa kumtoa nyoka pangoni. Mpishi akafuta machozi kwa aproni. Nikamweleza kwamba moshi ni hatua.

Muuza mkaa akaingia bila kuitwa. Akashika kipande, akakigeuza huku na huku, akaniuliza kwa adabu zote kile kitu cha tatu ubaoni kinapitia wapi. Kipande hakikuwa na tundu hata moja. Akaomba msumari wa inchi sita, akatoboa vipande vinne katikati, akavipanga jikoni. Vikawaka, tena vizuri, bila moshi. Mpishi alicheka mpaka akakalia ndoo. Kisha akaagiza magunia kumi kila wiki. Kwa muuza mkaa. Alisema anamtaka mtu wa kutoboa, si wa kusomesha. Mke wangu aliyaona yote kutoka dirishani, akaenda kutafuta kitambaa cha kupangusia cherehani.

Jumapili, 9 Machi

Cherehani imeingia stoo. Nimetafakari siku nzima, na kosa nimeliona: somo lilikuwa fupi.

Hata hivyo misitu haiokolewi kwa mkaa peke yake. Udongo je? Nimeanzisha kampuni ya mbolea ya minyoo. Minyoo hupenda giza na unyevunyevu, na nyumba hii ina chumba kimoja tu chenye sifa hizo: bafu. Mke wangu nitamweleza kesho, kwa ubao. Nimeshaleta minyoo mia mbili, wanene, wachangamfu. Nimewatia kwenye ndoo, nikakaza kifuniko, nikakizungushia utepe wa plastiki mara tatu ili asitoroke hata mmoja.