Mashavu Mawili ya Anselmo

“Kuanzia Jumatatu,” Stakabadhi alisoma, simu ameishika mbali na macho kama mtangazaji asiye na miwani, “kila kinyozi atafungua wembe mpya mbele ya mteja, na uliokwisha kutumika atautupa mbele ya mteja huyohuyo. Bwana afya ameandika mwenyewe, kwenye kundi letu la mtaa. Ushahidi huu hapa.”

Jina lake hasa ni Mrisho. Waliliacha tangu mwaka ule gunia lake la korosho lilipoingia ghalani bila karatasi na kutoka bila mwenyewe kujua. Toka hapo haamini neno lisiloandikwa. Ukimwambia “habari za asubuhi” atakuuliza umezitoa wapi.

Mzee Awadhi, kinyozi, hakugeuka. Alikuwa anazungusha brashi kwenye kikombe cha sabuni, taratibu, kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa.

“Mimi wembe mpya nafungua tangu huyo bwana afya hajaota meno,” alisema.

Kijiwe hicho kiko Masasi, nyuma ya stendi, chini ya paa moja la bati. Upande huu Mama Furaha anauza kahawa, upande ule kuna kiti cha Mzee Awadhi. Kwa hiyo anayenyolewa husikia kila porojo, na wanaopiga porojo huona kila ndevu inayoanguka. Siku hiyo kitini alikuwepo Anselmo, taulo shingoni, maji ya moto yanamchuruzika kidevuni. Alikuwa amesali mara mbili tangu alfajiri, na sasa alikuwa anaanza ya tatu kimoyomoyo.

“Mpya, sawa, lakini mpya upi?” aliuliza Salfa, akiweka kikombe chini. “Hilo ndilo swali ambalo serikali inalikwepa! Kuna wembe wa karatasi ya kijani na kuna wa karatasi ya bluu. Ule wa bluu ukiupitisha karibu tu na ndevu, ndevu zinang’oka zenyewe kwa woga.”

“Kamba!” Stakabadhi alidakia.

“Haki ya Mungu. Kule Newala mtu aliuacha juu ya meza usiku. Kulipokucha, meza haina hata unywele mmoja.”

“Kwani meza huwa na nywele?”

“Haina! Si ndiyo nakwambia?”

Huyo ndiye Godwin. Wanamwita Salfa kwa sababu ya ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho: akifungua mdomo, kila aliye karibu anatoka amefunikwa na anakohoa.

Anselmo alicheka kidogo, kisha akaacha. Kucheka kulimkumbusha uso wake, na uso wake ndio uliokuwa kesi. Alikuwa mjane wa miaka sita, ana binti mmoja, Winfrida, aliyekwisha olewa, na moyo wake ulikuwa Chiwata, kwa mshona nguo mmoja aitwaye Dorika. Majuma matatu nyuma alikwenda kuposa. Alijinyoa mwenyewe alfajiri kwa ushauri wa Salfa: kavu, bila sabuni, kwa kukandamiza, tena kuanzia shingoni kwenda juu. Alifika Chiwata na vipele kama mtama ulioanikwa. Mjomba wa Dorika alimtazama, akasogeza kigoda chake nyuma hatua nne, akauliza kama hiyo si tetekuwanga. Kisha akasema: “Rudini akipona.”

Leo ndiyo siku ya kurudi. Na mjomba ametuma salamu kwamba hatapokea safari ya tatu. Kuna fundi baiskeli wa Ndanda amekwisha piga hodi, na kidevu cha fundi huyo hakijawahi kuota kitu.

“Mzee Awadhi,” Anselmo alisema kwa upole, “nakuomba, usiwasikilize hawa. Nyoa tu.”

“Nyoa tu?” Salfa alisimama. “Baba Winfrida, utanyolewaje tu, na mwanamke anapotea? Mzee, mpe wembe wa bluu!”

“Wembe hauna kosa,” Stakabadhi alisema. “Kosa ni kinyoleo. Tazama, vipo viwili.”

Ni kweli vilikuwepo viwili juu ya kitambaa cheupe, vyote vya chuma, vile vya kufungua kichwa na kulaza wembe ndani. Kimoja kizito, kifupi, kimechujuka rangi, alichokirithi Mzee Awadhi kwa baba yake. Cha pili chepesi, kinang’aa, alikinunua mnadani.

“Unaweza ukabadili wembe mpaka Idi,” Stakabadhi aliendelea, “kinyoleo kikiwa kibaya utakatwa palepale. Ni kama kamati yetu ya maji. Kila mwaka tunatia wembe mpya, kinyoleo kilekile, na bomba linatoa upepo.”

“Hapo umesema,” alisema Mama Furaha, akimimina kahawa.

“Sijamaliza, mama. Tufanye jaribio. Shavu la kushoto, wembe wa kijani kwenye kinyoleo kizito. Shavu la kulia, wa bluu kwenye chepesi. Tukimaliza tunagusa, tunaandika.” Alikuwa tayari amechana mfuniko wa boksi la sukari na kuchora mstari katikati.

“Jamani,” Anselmo alisema, “uso wangu si shamba darasa.”

“Tulia, Baba Winfrida. Sayansi haiumi.”

“Sayansi haiumi. Unaouma ni wembe.”

Mama Furaha aligonga birika kwa kijiko. “Wenzenu walisema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Nyie mwenzenu ananyolewa, mnatia maneno!”

 Mzee Awadhi aliwapa mgongo, vikasikika vyuma vikigongana, karatasi ikafunguliwa, karatasi nyingine ikafunguliwa. Akampaka Anselmo povu, akaliacha likae. Kisha akaanza kushoto. Wembe ulishuka na ndevu, si kuzipinga, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama ufagio wa chelewa unaofagia mbali. Anselmo alifumba macho. “Bwana,” aliomba, “mkono huu uwe mwepesi, na vinywa vile viwe vizito.” La kwanza alilisikia likijibiwa pale pale. La pili alimwachia Mungu apange muda wake.

Mzee akageuka, vyuma vikagongana tena, akamaliza kulia. Akapangusa.

“Haya,” alisema. “Guseni.”

Salfa alikuja wa kwanza, akanawa vidole kama daktari. Akagusa kulia. “Loo! Yai! Yai la kuchemsha, limemenywa!” Akagusa kushoto, uso ukamkunjamana. “Hapa pole, ndugu yangu. Hapa ni ganda la muhogo. Niliwaambia kuhusu kijani.”

Stakabadhi alimsukuma, akagusa, akagusa tena kwa mgongo wa kidole. “Kinyume chake. Kushoto ni kioo, naona mpaka sura yangu. Kulia kuna mchanga, tena mchanga wa ujenzi.”

“Wewe vidole vyako vimekufa kwa kubangua korosho!”

“Vyako vimekufa kwa kunyooshea watu wasiohusika! Naandika: kushoto, kioo.”

“Andika na la kwangu!”

“La kwako lina shahidi?”

Walivutana mpaka kahawa ikapoa. Wapita njia wawili waliitwa kugusa, wakagusa, mmoja akasema kushoto, mwingine akauliza mgonjwa anaitwa nani. Anselmo alikaa katikati yao kama embe la sokoni ambalo kila mtu analibonyeza na hakuna anayelinunua.

Hatimaye Mzee Awadhi alikunja taulo. “Wembe ni mmoja,” alisema.

Kalamu ya Stakabadhi ilisimama.

“Mmoja vipi?” aliuliza Salfa.

“Wa kijani. Pande zote. Ule wa bluu nilifungua karatasi, nikaurudisha. Mteja mmoja, nyembe mbili, za nini?”

“Nilisema!” Stakabadhi alipiga paja. “Basi tofauti ni kinyoleo!”

“Kinyoleo nacho kimoja. Hicho cha mnadani kimelegea kichwa tangu Ramadhani, sikitii kwenye uso wa mtu.”

Mama Furaha alicheka mpaka akashika nguzo. Lakini wenye elimu yao hawakushindwa. Salfa alikaa kidogo, akatazama mashavu, kisha akainua kidole.

“Basi tofauti ni mashavu! Huyu analalia upande mmoja.”

“Hilo linawezekana,” alisema Stakabadhi, na akaandika.

“Sikilizeni,” Mzee Awadhi alisema, akisuuza brashi. “Tofauti zipo, sikatai. Kinyoleo kizito kinajibeba chenyewe, ukikikandamiza kinakuadhibu. Chepesi kinakushawishi ukikandamize, ndipo kikukate. Na wembe mkali sana unataka mkono wa mtu asiye na haraka. Haya anayajua anayeshika, na anayajua anayeshikwa. Mnywa kahawa anayasikia tu.”

“Maneno mazuri,” alisema Stakabadhi. “Umeyaandika popote?”

Saa tisa wakapanda bodaboda kwenda Chiwata, Anselmo kwenye moja na wenzake wawili kwenye nyingine. Mama Furaha aliwapungia mkono huku anatikisa kichwa. Maana hao wawili ndio waliokuwa washenga. Anselmo aliwachagua miezi mingi nyuma, kwa hoja kwamba wanajua kusema, na kosa hilo hakuna kinyozi ambaye angeweza kumwondolea.

Mjomba wa Dorika aliwapokea uani. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, karibuni.” Wakakalishwa mkekani. Mjomba alikuja mpaka kwa Anselmo, akainama, akampitisha mgongo wa mkono shavu hili, kisha lile.

“Umepona kabisa,” alisema kwa mshangao. “Umetumia nini?”

Sasa, kule mposaji hafungui mdomo mbele ya mjomba. Ameletwa, hajaja. Kila neno ni la washenga, hata kama ameulizwa jina lake. Anselmo akainamisha kichwa kwa adabu, akasubiri Salfa aseme “dawa ya kawaida tu, mzee,” kisha aingie kwenye yale waliyoyakariri juma zima: kwamba wameona mbegu njema katika ghala hili, nao wana shamba.

“Wembe wa bluu, mzee wangu,” alisema Salfa.

“Si kweli!” Stakabadhi alichomoa mfuniko wa boksi mfukoni. “Mzee, nina maandishi. Ni wa kijani, lakini siri ni kinyoleo.”

“Mashavu! Tulikubaliana mashavu!”

Mjomba alishika kidevu chake mwenyewe. Kilikuwa na mvi fupi ngumu na vipele vichache vya zamani. “Ngojeni,” alisema, na macho yakamwaka. Akaingia ndani, akatoka na kinyoleo chake kilichofungwa kwenye kitambaa. “Hiki mnakionaje?”

Basi yakawa hayo. Kinyoleo kikafunguliwa, kikapimwa uzito kwa kiganja, kikanuswa. Salfa akasimulia ile meza ya Newala, na safari hii ilikuwa ni kabati. Stakabadhi akageuza boksi aandike upande wa pili. Jua likahama mkekani. Mbegu haikutajwa, ghala halikutajwa, shamba halikutajwa. Kitenge cha posa kilikaa kwenye mfuko kama mgeni aliyesahauliwa. Anselmo aliwatazama mmoja mmoja, na ulimi wake umefungwa na mila. Akamfikiria fundi baiskeli wa Ndanda. Akaacha kuomba maneno mengi, akabaki na moja: “Bwana.”

Ndani ya nyumba mtu alikohoa, kikohozi kile cha kina mama ambacho si ugonjwa. Mjomba alishtuka. Akakumbuka kuna swali la desturi ambalo binti lazima aulizwe mbele ya watu, na akijibu “namjua,” shauri limefungwa.

“Dorika! Njoo, mpwa wangu. Watu hawa unawajua?”

Dorika alitoka, sindano bado imechomekwa begani mwa gauni. Akamwangalia Salfa, aliyekuwa ameinua wembe anauchungulia juani. Akamwangalia Stakabadhi, kalamu mdomoni. Kisha akamwangalia Anselmo, muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

“Huyu aliyenyamaza namjua, mjomba,” alisema. “Hawa wawili siwajui. Kama ni vinyozi, wakunyoe, kisha waende zao.”