Nyumba Yangu Inaposwa

Jumatatu, 3 Februari

Mahfoudh kaja asubuhi. Mwanangu mwenyewe, niliyemzaa humu humu, chumba cha nyuma, mvua inamwagika nje na ndani halikudondoka hata tone. Kasimama mlangoni, viatu hataki kuvua, ati ana haraka. Kasema masika haya yakinikuta humu na nyumba bado inavuja, atakuja na gari anichukue nikaishi kwake Kiembe Samaki. Chumba kishakuwa tayari. Kina vigae. Kina feni. Nikamwuliza kina nini tena. Akasema, mama, kina utulivu. Utulivu! Na ndege zinapita juu ya paa kama kunguru!

Chumba hicho nakijua. Nililala siku moja, sikurudi tena. Kuta nyembamba kama kashata. Ukiegemea unamsikia jirani anapiga mswaki. Kuta zangu za mawe na chokaa, nene, kwenye kizingiti cha dirisha anakaa mtu mzima na sinia lake akachagua mchele. Humu ndimo alimofia Mzee Hamad wangu. Sitoki.

Tumaini langu ni Badria, bintiye Mahfoudh, ninayekaa naye. Yuko chuoni. Anasoma usimamizi wa ujenzi na miradi, shahada ya pili. Nimemwambia mimi ninayo moja tu, naitamka kila sala, na inanitosha. Kacheka. Kisha kanipa habari. Chuo chao kimepata mradi wa kutengeneza nyumba moja ya zamani mtaani kwetu, wanafunzi wajifunzie. Zimebaki mbili za kuchagua. Yangu, na ya Bi Riyama wa upande wa pili wa kichochoro. Walimu wanakuja Alhamisi kutazama.

Bi Riyama! Mwanamke huyu tangu usichana wetu anadai eti yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo tulipopiga sakafu ya juu ya nyumba hii. Mwongo. Nilikuwa mimi.

Badria kanishika mikono yote miwili. "Bibi, usiguse kitu. Iache kama ilivyo."

Nimeitika naam.

Jumanne, 4 Februari

Nimewaza mpaka uji ukaungua. Watu wakija kumtazama mwali, unamtoa na tongo machoni? Humtoi! Unamwogesha, unampaka wanja, unamfukiza udi, na kama ana kovu mkononi unamshonea gauni la mikono mirefu. Mimi nimeozesha mabinti, nyumba itanishinda? Hawa wanakuja kuposa. Badria mtoto, hajui.

Kovu la nyumba yangu ni ufa. Unaanzia juu ya mlango wa chumba cha nyuma unapanda mpaka kwenye boriti za dari. Na huko juu, kwenye sakafu iliyo wazi tunapoanika nguo, pana mahali maji yanapenya.

Badria alipokwenda chuoni nikampigia Mkubwa, fundi wa Amani. Kaja na saruji yake. Kaugonga ukuta kwa kidole kama anayenunua tikiti, kasema huyu mzee anataka saruji ya kutosha, na kwamba hajaona ukuta uliomshinda. Namtaka mtu wa namna hiyo, asiyeuliza. Kaziba ufa. Kapanda juu kapaka na kule. Juu yake chokaa nyeupe, huoni kitu. Pametakata kama sahani ya Idi.

Alipokuwa akikoroga nilikaa pale juu nikakumbuka. Baba alipoifanya upya sakafu hii, wanawake wa mtaa mzima walikuja. Kila mmoja na kigongo chake kifupi cha mti. Tulikaa safu safu, tunaipiga chokaa mbichi, tunapiga na kuimba, asubuhi mpaka alasiri, siku baada ya siku, mpaka ikawa ngumu na laini kama kaure. Mama alileta chai ya tangawizi. Miguu myeupe mpaka magotini, tunachekana. Na kijana mmoja wa kubeba chokaa, kila akipanda ngazi anakitua kikapu chake karibu yangu. Wanawake wote wale, karibu yangu! Ndiye Mzee Hamad huyo.

Mkubwa kaniuliza nalia nini. Nikamwambia vumbi la saruji.

Alhamisi, 6 Februari

Wamekuja. Kiongozi wao ni Daktari Abrahman, daktari ambaye hajatibu hata mafua, anatibu majumba. Kijana mwenye adabu. Kanishika mkono, shikamoo bibi, marahaba mwanangu. Nikawapa haluwa na kahawa. Udi ulikuwa unafuka mpaka mmoja wao akawa anachezacheza na pua.

Daktari katazama juu, katazama chini. Kasema, mashaallah, bibi, nyumba imetunzwa. Kauliza kama inavuja. Nikamwambia labda jasho la wageni. Kauliza nyufa. Nikamwambia huku kwetu neno hilo tunalisikia kwa majirani. Badria alikuwa nyuma yao ananikonyeza macho yote mawili. Nilidhani moshi wa udi.

Wakavuka kwenda kwa Bi Riyama. Nikachungulia dirishani. Aibu nimeona mimi! Hajafagia! Masufuria na ndoo kila kona za kukingia maji, na mvua yenyewe haipo! Ukuta umebambuka, kauacha hivyo hivyo. Yeye kajitanda kanga iliyotoboka, anakohoa kama injini ya boti. Nikamwonea huruma, huruma ya aliyeshinda.

Magharibi Badria karudi. Wamechagua kwa Bi Riyama.

Sikuelewa. Kanieleza taratibu, kama mimi ndiye mwanafunzi. Mradi unatafuta nyumba inayoumwa. "Bibi, umemwambia daktari mgonjwa wako mzima!" Nikamwuliza tangu lini mtu akaposa mwali mwenye upele. Kaenda kukaa kwenye ngazi, kajiinamia. Nikasikia anavuta kamasi.

Kasema hata yeye Kiembe Samaki hataki. Kasema kwani nadhani masomo haya aliyachagua kwa nini? Tangu mdogo mimi ndiye niliyemlaza kwa hadithi za kupiga sakafu. Alitaka asikie mlio wenyewe kabla hatujafa sote tunaoujua.

Nimemkaangia samaki. Hakula.

Ijumaa, 7 Februari

Wakati napanga viatu vyetu mlangoni, Bi Riyama kafungua dirisha lake. Kaita kwa sauti, mtaa mzima usikie: "Bi Mwanamkasi! Nyumba yako nzuri mno, shoga! Waposaji wameogopa mahari!"

Nimefunga dirisha. Kisha nikafungua tena nikamwambia kikohozi kimepona upesi. Kisha nikafunga.

Jumamosi, 8 Februari

Nimepata akili mpya. Wanataka mgonjwa? Watampata. Badria katoka kwenda dukani, nikapanda juu na ndoo. Nikamwaga maji. Nikashuka kutazama dari. Kavu! Nikapanda tena, nikamwaga, nikashuka. Kavu kama jangwa. Magoti yananilaani. Mkubwa, maisha yako yote kazi zako zinabomoka kabla hujalipwa, hii ndiyo uliyoamua kuifanya vizuri? Nikamwaga pipa zima.

Nikiwa bado juu nikasikia kishindo, nyumba ikatikisika.

Chumba cha nyuma. Lile bamba lote la saruji juu ya mlango limeng'oka, pamoja na mawe yaliyokuwa nyuma yake, limeanguka juu ya kitanda changu. Kitanda cha samadari, cha harusi yangu. Mguu mmoja umevunjika. Saa ile ya alasiri mimi hulala pale.

Badria kaingia na mkate mkononi. Kwanza kanipapasa mwili mzima kama anatafuta kitu kilichopotea. Kisha kaokota kipande, kakigeuza, ni cha kijivu upande wa nyuma. "Bibi. Hii saruji." Nikamwambia siku hizi ajabu haziishi, hata ukutani inaota.

Hakucheka. Kasema ukuta wa chokaa unapumua, maji yakiingia yanatoka. Saruji ni kumziba mtu pua na mdomo. Maji niliyomwaga yalikosa njia juu, yakapita ukutani, yakakwama nyuma ya saruji, yakaisukuma. Maneno yote hayo kwa sauti ndogo. Ningependa zaidi angepiga kelele.

Mahfoudh kashapata habari. Nani kamwambia? Najua nani. Dirisha liko wazi mpaka sasa. Anakuja kesho na gari.

Jumapili, 9 Februari

Sanduku langu lilikuwa tayari limefungwa kwa kamba. Nilivaa buibui. Nilipitisha mkono ukutani kuanzia mlangoni mpaka jikoni, polepole, nikirudi kila nilipofika, Mahfoudh anapiga honi kule barabarani kwa kuwa gari haliingii kichochoroni.

Basi akatokea Badria, na nyuma yake Daktari Abrahman, anahema. Hakunisalimu hata! Kakimbilia chumba cha nyuma. Kapiga magoti mbele ya lile bamba kama baba aliyeonyeshwa mtoto wake wa kwanza. Kasema wanafunzi wake wanasoma vitabuni kila mwaka jinsi saruji inavyoua nyumba za chokaa, lakini hajapata kuona kifo kibichi namna hii, tena mwuaji yuko hai na anaweza kuhojiwa.

Mwuaji mimi.

Badria kaomba palepale hiki ndicho kiwe kitu cha utafiti wake. Chumba cha nyuma na sakafu ya juu yake, vitengenezwe kwa chokaa, kwa njia ya zamani, kabla ya Ramadhani. Kwa Bi Riyama waendelee wanafunzi wengine. Daktari kafikiri. Kasema atakubali kwa sharti moja: sakafu ipigwe kama ilivyokuwa ikipigwa, na wapatikane wanaojua. Badria kanitazama mimi. Kisha, mtoto mbaya huyu, katazama dirisha la ng'ambo.

Mahfoudh kaja kuuliza kulikoni. Kalitazama sanduku, kamtazama binti yake, kanitazama. Kavua viatu. Kaingia ndani.

Alhamisi, 20 Februari

Sakafu imepigwa!

Badria kabandika ratiba yake ukutani, mistari ya kijani, ya njano, nyekundu, nzuri kama kanga ya doti mpya. Kasimama mbele ya wenzake kuwasomea mambo yanayoweza kuharibu mradi. Mvua. Chokaa kuchelewa kufika. Mwenye nyumba. Wakacheka wote, na daktari wao. Mimi nimesomwa chuo kikuu. Bi Riyama uso ulimkunjamana, yeye hakusomwa popote.

Wanafunzi walivaa glavu. Walipiga kama wanafukuza panya! Nikawaambia mkono ulegee, kigongo kishuke chenyewe, wewe unakisindikiza tu. Wengine wakapata. Kisha likaja suala la nani aanzishe wimbo. Bi Riyama kasema yeye, kama zamani. Nikamwambia zamani gani, ya ndotoni? Badria kasema bibi zangu, chokaa inakauka.

Nikaanzisha mimi. Ubeti wa kwanza ukatoka safi. Ubeti wa pili, kimya. Nimeutafuta kichwani, haupo, umekwenda. Kigongo kikasimama mkononi. Na pale pale Bi Riyama kaudaka, hakunitazama, kauimba kwa ile sauti yake nyembamba ambayo siku zote nimesema ni ya mbu. Mimi nikauitikia. Vigongo vyote vikaingia pamoja. Chini kichochoroni watu walisimama. Harufu ya chokaa mbichi, jua mgongoni, miguu yangu myeupe mpaka magotini. Nikasikia mtu anapanda ngazi, na bila kufikiri nikageuka kutazama.

Alikuwa Badria, na kikapu cha chokaa. Kapita wote, kakitua karibu yangu.

Bi Riyama kanyoosha mkono kanifuta shavu kwa pembe ya kanga yake. Kasema, vumbi, shoga.

Jumamosi, 22 Februari

Chokaa inakauka polepole, ndivyo inavyotaka. Badria kanikanya asubuhi, mchana na baada ya chakula. Usiguse ukuta, bibi. Usiguse sakafu. Nimeapa.

Jumatatu daktari analeta wageni kutoka mbali kuja kutazama kazi. Leo nikatoka nje nikaitazama nyumba kwa macho ya mgeni. Nzuri, mashaallah. Ila barazani, kwenye pembe, pana kaufa. Kadogo. Lakini mgeni akifika anaanza na baraza, na dirisha la Bi Riyama linaelekea hapo hapo.

Ukuta nimeapa. Sakafu nimeapa. Baraza Badria hakuitaja.

Kesho anakwenda harusini Matemwe. Mkubwa kaniambia ile saruji ilibaki kidogo. Nimemwambia aje mapema, na hodi asipige kwa nguvu.