Marehemu Aliyekuja na Kiti

Ofisi ya Mawe na Utulivu inautangazia umma kwamba, tangu makaburi yetu ya kijeshi yafunguliwe wakati wa vita vya Kaskazini na Kusini vya Marekani, hakuna jiwe lililowahi kukosea. Nayasema haya nikiwa Msimamizi Msaidizi wa Mawe, mwenye akili timamu.

Mwezi wa Aprili alikuja Bibi Lucille Brandvold wa hapahapa Nebraska, miaka themanini na moja, magoti yamechoka. Mumewe, Sajini Harlan, amelala safu ya kumi na mbili. Alitaka jambo moja tu: kukaa naye, kwenye kiti cha kukunja. Nikamweleza kwamba kanuni ya nne inawakataza wageni kuja na viti. Akakirudisha garini. Alipozunguka nyuma ya jiwe ili aliegemee, akaona jina lake. Kwetu mke huzikwa kaburi moja na mumewe na kuandikwa upande wa nyuma. Karani alikuwa amewahi kidogo, akaweka na tarehe ya kufa, Januari iliyopita.

"Mwanangu," akaniuliza, "mimi nimekufa?"

"Kwa mujibu wa jiwe, ndiyo. Pole sana, mama."

Nikampa fomu ya kupinga kifo, ambayo husainiwa na daktari aliyekithibitisha. Aliisoma mpaka mwisho, kisha akakifuata tena kile kiti.

"Kanuni yako inakataza wageni," akasema akikaa. "Mimi mkazi."

Nilipekua kitabu kizima. Ni kweli, wakazi hawajakatazwa chochote.

Siku ya Kuwakumbuka Mashujaa akaja naibu waziri kuhutubia. Jukwaa lilipangiwa safu ya kumi na mbili, maana hapo picha hutoka vizuri. Mama Lucille alikuwa kitini, anamenya yai. Mheshimiwa akaagiza aondolewe.

"Kuhamisha marehemu kunahitaji amri ya mahakama," nikamwambia.

"Marehemu gani? Si huyo anakula yai?"

Nikamwonyesha jiwe, lenye muhuri wa wizara yake. Waandishi wa habari nao wakalisogelea. Mheshimiwa akaona heri aanze hotuba.

"Baba," akasema Mama Lucille, "unatusumbua."

Kanuni ya tisa iko wazi: mgeni anayewasumbua wakazi husindikizwa hadi langoni. Nikamsindikiza, kwa heshima zote. Jukwaa likafuata.

Niliporudi, Mama Lucille alikuwa amesogeza kiti karibu na jiwe. Nikasimama mbali.

"Haya, Harlan," alikuwa akisema, "wameondoka. Tumebaki wenyewe."