Uwanja Usio na Refa

Alhamisi, 10 Aprili

Mjukuu wangu Yareli amekuja kuchukua soksi zake ndefu na kuniharibia siku.

Yuko mwaka wa nne chuoni. Ni nahodha wa timu ya wasichana ya kisahani. Kisahani chenyewe ni cha plastiki, wanarushiana saba kwa saba. Ukikidaka huruhusiwi kukimbia nacho. Unasimama, unatafuta mwenzako, unamrushia. Mwenzako akikidaka ndani ya eneo la mwisho wa uwanja, bao. Miaka minne nimefua majani kwenye jezi za huyu mtoto na sijalalamika. Nimelalamika kidogo.

Mashindano ni Jumamosi na Jumapili, viwanja vya nje kidogo ya mji, hapa hapa Visalia. Bingwa peke yake ndiye anayekwenda mashindano ya kanda. Timu ya Yareli haijawahi kufika huko hata mara moja, na huu ndio mwaka wake wa mwisho. Alisema si jambo kubwa, Bibi, ni mchezo tu. Alisema hivyo huku anakunja soksi ileile kwa mara ya nne. Mtoto huyu nimemlea mimi. Herufi hizi ninazoandikia alinifundisha yeye akiwa darasa la pili, mezani, kwa kalamu za rangi. Nilijua hapo hapo kwamba kitu hiki anakitaka mpaka kinamuuma.

Nikauliza refa ni nani, nimjue mapema. Akasema hakuna refa.

Nikaacha kukanda unga. Nikauliza nani anapuliza filimbi mtu akimsukuma mwenzake. Hakuna filimbi. Aliyekosa anasema mwenyewe. Ukitoka nje ya mpaka, unasema umetoka. Halafu mechi ikiisha timu zote mbili zinakaa duara moja, zinaambiana maneno mazuri, na kila timu inaipa nyingine alama za uungwana.

Alama za uungwana! Nimechuma zabibu chini ya wanyapara kumi na mmoja katika bonde hili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama katikati ya shamba akasema, jamani, kosa ni langu.

Nikamwambia mtaliwa wazima wazima. Akanibusu kwenye paji la uso, akasema kazi yangu ni kukaa na kupiga makofi.

Kukaa. Mimi.

Ijumaa, 11 Aprili

Upelelezi. Nimemhoji mwanangu Ramiro, baba yake Yareli, ambaye hutazama mechi hizi kwenye simu akiwa kazini. Anasema wa kuogopwa ni wasichana wa chuo kimoja tu cha pwani, jezi za kijani. Wanakimbia kama wameiba. Nahodha wao ni msichana mrefu anayeitwa Greer. Mwaka jana waliwafunga wetu kumi na tatu kwa tano, kisha wakakaa nao kwenye duara na kuwasifia viatu.

Vizuri. Nimepika tamale sufuria mbili. Unga wa mahindi, nyama ya nguruwe ndani, ganda la hindi nje, uzi juu. Zenye uzi mwekundu ni za watoto wetu, laini, za kawaida. Zenye uzi mweupe ni za wale wa jezi za kijani: mafuta ya nguruwe mara tatu, kila moja nzito kama tofali. Mtu akila mbili hakimbii. Anatafuta kivuli. Na nani atanishtaki kwa kulisha watoto wa watu?

Tatizo moja. Leo ni Ijumaa ya Kwaresima, nyama haipiti mdomoni mwangu. Sikuonja hata moja. Nimepika kwa pua.

Ramiro aliuliza kwa nini nyuzi ni za rangi mbili. Nikamwambia urembo. Akanitazama sana. Akasema Mama, wale ni watoto. Nikamuuliza na wetu je, ni mbuzi?

Jumamosi, 12 Aprili

Nimedhalilishwa na mwanamke mwenye hema.

Anaitwa Bi Pruitt. Ni bibi yake Greer. Ana hema lenye kuta, viti vyenye mahali pa kuwekea kikombe, na feni ndogo ya betri. Mimi nina ndoo niliyoigeuza. Anazungumza nami Kihispania, lugha yangu, alichojifunza kwenye simu, na anakisema polepole sana, kana kwamba mimi ndiye nisiyekijua.

Mechi ya kwanza wetu walishinda. Nilisaidia. Kila wapinzani walipodaka, nilisema "Nje!" kwa sauti ile ya kuita watu kutoka mwisho wa shamba. Hakuna mchezaji hata mmoja aliyegeuka. Aliyegeuka ni Bi Pruitt. Alihama na kiti chake mpaka kando ya ndoo yangu, akanieleza kwamba mtu wa pembeni hana sauti katika kuamua, na kwamba hapa, mama, tunashangilia timu zote mbili. Nikamuuliza basi amekuja kufanya nini. Akasema kufurahi.

Sijawahi kutukanwa hivyo.

Mchana nikapeleka sufuria ya uzi mweupe kwa kijani. Nikawakuta wanakula ndizi na siagi ya karanga. Watoto wakubwa vile! Wana mama zao! Moyo uliniuma kidogo, lakini nikaendelea. Greer alikula tano. Kulikuwa na mmoja mwembamba kama fito, nikasimama juu yake mpaka akamaliza ya sita, kwa sababu vita ni vita, ila mtoto mwembamba vile siwezi kumpita. Nikamfuta hata mdomo.

Kisha nikarudi kwenye ndoo yangu, nikasubiri walale.

Walishinda nusu fainali kumi na tatu kwa mbili. Kumbe kilichokuwa kimewapungukia ni mafuta. Yule fito alikuwa anaruka kama kapigwa na umeme. Na watoto wetu, niliowapikia kwa mapenzi? Walikataa kula kabla ya mechi, eti matumbo yatakuwa mazito. Wameingia fainali kwa tofauti ya bao moja, na njaa.

Kwa hiyo kesho ni sisi na kijani. Nimewanenepesha mwenyewe.

Bi Pruitt alikula nne, akaja kuniomba nimfundishe kupika. Nikamwambia siri ni kutokuonja. Akaandika.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Misa ya saa kumi na mbili asubuhi. Nilimwambia Mungu kwamba ule uwanja hauna refa, na kama Yeye leo ana kazi nyingi, nitashughulikia mimi.

Uwanja wa fainali haukuchorwa mistari. Mipaka yote ni koni za plastiki za rangi ya chungwa, mtu na macho yake. Nikatulia, nikasoma hali. Bao la kwanza lilinipita nikitafuta pa kuweka ndoo; la pili kijani walilifunga upande wa barabarani. Basi wao wanashambulia upande wa barabarani. Timu zilipokuwa zinajipanga upya nikaenda kutembea. Mtandio ukaniangukia juu ya koni ya pembeni. Nikauokota na koni yake. Nikaitua hatua tatu ndani. Nikaenda kwenye koni ya pili, mtandio ukaanguka tena. Ni mtandio unaoteleza. Sasa kijani wakidakia kule nyuma, watakuwa nje, na kwa uungwana wao watasema wenyewe.

Nikageuka. Wetu ndio wanashambulia upande wa barabarani.

Ramiro akanieleza, bila hata kuondoa macho uwanjani, kwamba kila baada ya bao timu hubadilishana upande. Kila bao! Jana niliwaona wakivuka uwanja kila mara, nikadhani wananyoosha miguu. Ni watu gani hawa wanaohama nyumba kila baada ya dakika tano? Mpira wa miguu unabadilisha mara moja na dunia inaridhika.

Nikaenda kurudisha koni. Bi Pruitt alikuwa amehamishia kiti chake pale pale penye koni, kufuata kivuli. Nikamwambia kuna nyoka. Akasema anapenda wanyama. Alikaa pale saa moja na nusu. Nimekuwa na wanyapara kumi na mmoja na hakuna aliyenilinda hivyo.

Wakaenda hivyo hivyo, bao kwa bao. Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Anayefunga linalofuata ndiye anakwenda kanda. Na wetu wanashambulia barabarani.

Kisahani kikaenda juu, kwenye pembe. Yareli akakifuata. Nilimwona mtoto wangu ananyooka hewani, mwili wote, kama nguo iliyopeperushwa kwenye kamba. Akakidaka kwa mkono mmoja. Akaanguka, akaviringika, akasimama nacho. Wenzake wakaanza kupiga kelele.

Greer alikuwa nyuma yake. Akasema hakuona vizuri, anaacha Yareli aamue. Yareli akaangalia chini, alama ya kiatu chake kwenye vumbi. Akaangalia koni. Ilikuwa hatua moja nzima ndani kuliko kiatu.

Hakuna mtu aliyejua. Angeweza kusema neno moja tu, miaka yake minne ikaisha vizuri. Uso wake nilikuwa naujua. Ni uso aliokuwa nao alipovunja dirisha la jirani, akaja kuniambia kabla jirani hajarudi.

"Nje," alisema. "Nimetoka."

Mdomo wangu ukafunguka. Sikuutuma.

"Ulikuwa ndani. Koni nimeisogeza mimi. Hatua tatu."

Ramiro akajifunika uso kwa kofia. Bi Pruitt akauliza, polepole kama kawaida yake, niliisogeza lini. Nikamwambia baada ya bao la pili, na ningeirudisha zamani kama asingeikalia kama kuku wa mayai. Nusu ya kosa ni yake. Nimesema na nitasema tena.

Yareli na Greer wakasogea pembeni wakazungumza. Nikajua imekwisha, bao letu, ukweli umesemwa. Kumbe Yareli ndiye aliyekataa. Aliyesogeza ni mtu wa upande wetu, alisema, na kijani nao wamecheza mechi nzima na uwanja mfupi. Greer akasema basi irudiwe. Wakapeana mikono. Koni zikarudishwa mahali pake, kisahani kikarudi kwa aliyekirusha.

Irudiwe! Bao la wazi! Na shahidi nipo!

Ikarudiwa. Upepo ukavuma. Kisahani kikapinda katikati ya safari, fito akakidaka, fito wangu wa tamale sita. Pasi nne. Bao. Kumi na tatu kwa kumi na mbili, kijani.

Yareli alikaa chini pale pale, kichwa magotini. Nilikwenda nikakaa kwenye vumbi kando yake, na kukaa chini kwa magoti yangu si kazi ndogo. Nikamfunika kwa mtandio.

"Una hasira na mimi?"

"Sana," alisema kutoka ndani ya mtandio. "Usiondoke."

Sikuondoka. Hata ningetaka, nisingeweza kuinuka.

Nilinyanyuliwa na wasichana wanne, wawili wa kijani, wakaniingiza kwenye duara kwa nguvu. Greer akasema amecheza miaka mingi na hajawahi kuona mtu wa pembeni akitaja kosa lake mwenyewe. Wakanipa kisahani wamekiandika majina yao wote. Wao wanakwenda kanda. Mimi nimepewa sahani, na hata kuku haenei humo.

Ndani ya gari Yareli alisema leo hatimaye Bibi umecheza mchezo wetu. Nikamwambia asinisingizie.

Jumatano, 16 Aprili

Wiki Takatifu. Nimekwenda kuungama kwa Padre Anselmo. Nilimweleza yote, koni, mafuta, nyoka. Akauliza kama ninajuta. Nikasema sana, Padre, kama ningejua wanabadilishana upande nisingegusa zile za barabarani. Akauliza tena. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nikasema ndiyo.

Jioni Yareli akapiga simu. Ameamua kubaki chuoni mwaka mmoja zaidi asomee ualimu, na sheria za kisahani zinamruhusu mtu kucheza miaka mitano. Akaniambia kwa sauti ya juujuu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akauliza kama zile soksi nimezifua.

Nilikuwa nimezifua Jumapili ile ile. Nimezianika mahali ninapoziona.

Mwaka mzima. Nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Kosa langu halikuwa koni. Kosa langu lilikuwa kuungama bila mpango. Watu hawa ukiwaambia umekosa, hawakufukuzi. Wanakurudishia mchezo nyuma na kukupa zawadi. Sheria nzuri kama hii na watoto wetu hawajawahi kuitumia!

Kwa hiyo mwakani ni hivi. Nasogeza koni alfajiri, kabla mtu hajafika, nakaa kwenye ndoo yangu, napiga makofi kama nilivyoagizwa. Wetu wakifunga bao la mwisho, sijui lolote. Kijani wakilifunga, nasimama mkono juu, machozi, naungama mbele ya wote. Irudiwe.

Na wakifunga tena, nitakuwa na kosa la pili tayari.